Siku Moja Maishani Mwangu: Hoteli za Nakuru Nazijua kwa Mlango wa Nyuma

Saa kumi alfajiri

Ijumaa. Nimeamshwa na ujumbe wa sauti kutoka kwa rafiki yangu wa Mombasa, tuliyelala naye bweni moja miaka minne. "Shoga, kesho tuko Nakuru, watu wanne. Tutafutie pa kula vizuri, na jioni utupeleke mahali pa mvinyo, pasiwe na kelele. Wewe ndiwe mwenye mji."

Nimemjibu, "Karibuni sana," nikavaa sweta mbili na gambuti, nikatoka. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi ya saa hii inaingia mpaka kwenye meno.

Kazi yangu ni kupelekea hoteli waru (viazi vya mviringo), vitunguu, nyanya na mboga za majani. Kwetu hoteli ni kila kitu, kuanzia kibanda chenye mabenchi mawili hadi jumba lenye vitambaa vyeupe mezani. Kote huko mimi huingilia nyuma, jikoni. Ndiyo maana mtu akiniuliza pa kula, namjibu kwa yale niliyoyaona kwenye karai na kwenye friji. Wanaokaa mbele hawayaoni hayo.

Saa kumi na nusu, Soko la Wakulima

Malori ya Mau Narok, Molo na Kuresoi yamefika, mengine bado yana matope ya shambani. Ninatafuta Shangi, ndiyo waru inayolimwa kwa wingi huku kwetu. Inaiva upesi shambani na upesi jikoni, ila haikai: wiki chache tu tangu ivunwe tayari imeanza kutoa machipukizi. Iliyopigwa na jua ikageuka kijani siichukui hata kwa bei ya bure, kwa sababu kijani kile huja pamoja na sumu na uchungu.

Huwa nakata moja katikati mbele ya mwenye mzigo. Nikiona weusi ndani, gunia linarudi kwenye lori. Mzee mmoja ameninunia leo, lakini ndiye huyo huyo aliyenifundisha kukata.

Tangu kanuni za mwaka 2019 gunia la waru linapaswa kuwa kilo 50. Bado wapo wanaolileta limevimba kichwani kwa kushonewa wavu juu, kama mtu aliyefunga kilemba. Hilo silibebi, na si kwa kuogopa askari wa kaunti peke yake. Mkulima wa mlimani ndiye anayelipwa gunia moja kwa mzigo wa gunia moja na nusu, na mama yangu alikuwa mkulima wa mlimani.

Saa kumi na mbili na robo

Nimeshusha magunia mawili Bondeni kwa mama anayekaanga viazi karai. Ananipa chai ya tangawizi na mahamri ya moto, nakula nimesimama kando ya jiko. Bondeni ni mtaa wa zamani, wa Waislamu wengi, na vyakula vya mafuta na nazi vimekaa hapo tangu sijazaliwa. Ninapapenda mno. Mgeni wa kutoka Eldoret au Kericho ningemleta hapa moja kwa moja.

Lakini rafiki yangu ametoka Mombasa! Nimpeleke mtu wa Mombasa mahamri ya Nakuru kwa nini? Atakula kwa adabu, atasema ni tamu, na moyoni atakuwa analinganisha na ya bibi yake. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea wanapowaelekeza wageni. Wanataja mahali wanapopapenda wao, wala hawaulizi mgeni ameacha nini kwao. Hawa wa pwani nitawapa ambacho hawana: kondoo wa Molo, mukimo, yaani waru zilizopondwa pamoja na majani ya malenge, na managu (mnavu) yaliyotulizwa kwa maziwa.

Saa mbili hadi saa nne

Hii ndiyo sehemu ya siku ninayojifunza mengi. Nina vituo kumi na kimoja, na kila jiko linajieleza lenyewe.

Kwanza naangalia oda. Hoteli inayochukua gunia moja kila asubuhi inamenya waru za leo. Inayochukua matano kila Jumatatu itakuwa inauza chips za waru zilizolala ifikapo Alhamisi. Ipo nyingine inayozisukuma waru kwenye friji ili zikae. Waru ikilala kwenye baridi kali, wanga wake hugeuka sukari, na ukiikaanga inakuwa kahawia nje kabla haijaiva ndani. Wateja hulaumu mafuta, na mafuta hayana kosa.

Halafu namwangalia anayeosha vyombo. Jikoni pa kweli huyo ana maji ya moto na glavu. Naangalia kama vyeti vya afya vya wapishi vimebandikwa ukutani na tarehe zake hazijapita, maana hufanywa upya kila miezi sita. Naangalia nyama kama ina muhuri wa mkaguzi.

Cha mwisho ni malipo, na hapa nasema kwa uchungu. Kuna hoteli moja, sitaitaja, iliyokaa na pesa zangu miezi miwili. Mbele kulikuwa kumepakwa rangi mpya, viti vipya, taa za kuning'inia. Nyuma, mpishi alikuwa akiniomba kwa sauti ya chini nimletee nyanya zilizopondeka kwa sababu amepunguziwa bajeti. Nilipoacha kupeleka walitafuta mwingine, naye najua walimkopa pia. Asiyelipa mama mboga kwa wakati hanunui mafuta mapya kwa wakati. Hata leo watu wananiuliza kuhusu pale kwa sababu ya picha nzuri, nami nawaambia waziwazi: msiende.

Kwa upande mwingine iko hoteli ndogo karibu na steji, meza saba tu, ambayo mwenyewe hutoka kunipokea, ananisaidia kushusha, anahesabu pesa mkononi mwangu kabla sijageuza mkokoteni. Leo alikuwa akikatakata kondoo aliyemtoa Molo. Nyama ile ilikuwa na mafuta meupe, imara, na haikunuka beberu hata kidogo. Molo ni juu, baridi, majani mabichi karibu mwaka mzima, na kondoo wake wana jina. Nimemwambia anihifadhie mbavu na mguu mmoja wa kesho.

"Wageni wako wanapenda pilipili?" ameniuliza.

"Ni watu wa Mombasa, mzee."

Amecheka, akaandika.

Saa saba

Chakula cha mchana: ugali, matumbo na managu kwa shosho wa nyuma ya soko. Nimekula upesi, nyanya zilikuwa juani.

Saa tisa alasiri

Nimekaa na daftari kuhesabu kilichoingia kwa M-Pesa. Rafiki yangu amepiga simu. Amesoma kwamba Nakuru kuna ziwa, basi anataka samaki wa ziwani.

Nimemweleza polepole. Ziwa letu ni la magadi, limo ndani ya hifadhi ya taifa, na uvuvi humo hauruhusiwi. Tangu maji yalipoanza kupanda, zaidi ya miaka kumi iliyopita, wapo wanaoingia usiku na kuvua. Ukiuziwa samaki barabarani kwa bei ya chini ya kukushangaza, uliza ametoka wapi, na muuzaji akijing'atang'ata, endelea na safari. Samaki halali wa mji huu hutoka Naivasha, hutoka kwenye mabwawa ya wafugaji, na wengine huja kutoka Kisumu ndani ya barafu. Kuna mama Mjaluo katikati ya mji ninayempelekea nyanya na vitunguu. Anakaanga ngege (tilapia) mzima kwanza, ndipo anamtia kwenye mchuzi mzito, na hagusi samaki ambaye mashavu yake si mekundu. Huyo nimemwandika wa pili kwenye orodha.

Rafiki yangu akauliza pia kuhusu Kikopey, pale penye nyama choma kando ya barabara kuu, kwa sababu watapita pale kabla ya kufika hapa. Nimemwambia wasimame, ila wasimame kabla njaa haijawalemea. Nyama ya kuchoma haiharakishwi, inataka karibu saa nzima. Vijana wenye makoti meupe watakimbilia gari, kila mmoja akivuta kwake. Ninyi shukeni, tembeeni, chagueni ninyi wenyewe kipande kinachoning'inia, kipimwe mkiona, na ugali uagizwe wakati huo huo ili visipishane. Ombeni mbavu za mbuzi, kwa kuwa kondoo atawasubiri huku.

Saa kumi na moja jioni

Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ambayo watu wote bado wanaiita ya Mututho kwa jina la mbunge wa Naivasha wa wakati huo, inazifungulia baa saa kumi na moja jioni siku za kazi, na saa nane mchana wikendi. Kwa hiyo nimeoga, nimevaa viatu vya watu, nikaenda kuhakikisha mahali pa mvinyo kabla sijampeleka mtu.

Pana meza tisa, muziki wa chini, na madirisha yanayotazama upande wa mlima Menengai. Ni mteja wangu wa jibini na zabibu kavu? Hapana, ni mteja wangu wa waru: wanazikata vipande vinene, wanazichemsha kidogo, ndipo wanakaanga. Jikoni mwao nimeingia mara nyingi. Glasi zao sikuwa nimezijua.

Nimemwuliza dada wa kaunta swali moja ambalo nilifundishwa na mpishi: "Chupa hii imefunguliwa lini?" Mvinyo ukishaonana na hewa huanza kuharibika. Siku ya pili bado unanyweka, siku ya nne ladha yake imeshapungua. Pale ambapo watu wengi huagiza bia, chupa ya mvinyo inaweza kukaa wazi wiki nzima, na mgeni akaondoka akidhani hapendi mvinyo. Yule dada hakukasirika. Amenionyesha kikaratasi kwenye kila shingo ya chupa, tarehe na saa. Akaniambia ule wa bei nafuu wanauuza kwa glasi kutoka kwenye boksi, kwa sababu mfuko wa ndani hujikunja mvinyo unavyopungua na hewa haipati nafasi. Unakaa wiki kadhaa ukiwa salama. Sijui kwa nini watu wanaudharau.

Rafuni palikuwa na Leleshwa, mvinyo wa zabibu zilizokuzwa upande wa Naivasha. Jina lake ni la kichaka kile cha majani ya kijivu yenye harufu, kinachoota kwa wingi mpaka kwenye miteremko ya Menengai. Nimechunga mbuzi kwenye leleshwa utotoni, na kuliona jina hilo kwenye chupa kulinigusa zaidi ya nilivyotarajia. Nimeonja mweupe, wa Sauvignon Blanc, baridi, mchachu kidogo kama limau. Huo ungekwenda vizuri na ngege. Kwa jioni ya kesho, baada ya kondoo wa mchana, nimechagua mwekundu wa Shiraz, nikaomba usiwekwe karibu na jiko.

Saa mbili na nusu usiku

Nimemtumia ujumbe. Mchana, kondoo kwa mzee wa steji, saa saba, meza imeshikwa. Jumapili kabla ya kuondoka, ngege kwa mama. Jioni ya kesho, mvinyo, na gari libaki mlipolala.

Amejibu haraka: "Na ile yenye taa za kuning'inia, niliyokutumia picha?"

Nimemwambia nitamweleza akifika. Kisha nimeweka kengele ya saa kumi, maana mzee wa kondoo ameongeza oda: gunia zima, kwa ajili ya mukimo wa watu wa Mombasa.