Siku Moja Maishani Mwangu: Mcheza Poka wa Mombasa

Saa nne asubuhi. Naanza kazi na daftari. Raundi zote zilizonitatiza jana zimo humo: nani aliweka dau, kiasi gani, kitita cha mezani kilikuwa shilingi ngapi. Nazipitia polepole, hata zile nilizoshinda, maana bahati ikikubeba mara mbili tatu utadhani ni ujuzi.

Saa nane mchana. Nalala. Mwenye usingizi hufuata dau ovyo.

Saa moja usiku. Naingia kasino na shilingi 20,000, mara 100 ya dau la kuanzia. Pesa ya kodi na karo haigusi meza hii kamwe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Kaa."

Nakaa kushotoni mwake makusudi. Hapo yeye hucheza kabla yangu, nami naamua nikiwa nimeshaona alichofanya. Saa nzima ya kwanza natupa karata nyingi na kumtazama. Mara mbili ameachia kitita pale karata ya tatu ya aina moja, kama kopa au shupaza, ilipofunguliwa mezani. Hilo naliweka akilini.

Saa tatu. Nina nane na saba za kopa. Mezani zimefunguliwa karata nne kati ya tano za wote, kopa ni mbili, na kitakachoniokoa ni kopa nyingine tu, zangu zitimie tano. Kitita kina 8,000. Mzee anaweka 4,000.

Nikifuata, natoa 4,000 kutafuta 12,000, kwa hiyo lazima nishinde angalau mara moja katika nne. Karata 46 sijaziona, na kopa zilizobaki ni 9: hiyo ni kama moja kwa tano, haitoshi. Ningefuata kama ningetarajia kopa ikitoka anilipe 4,500 zaidi. Mzee huyu hatalipa, ataachia. Natupa karata zangu, naye anakivuta kitita.

Saa tano. Tumebaki wawili tena. Karata ya tano inafunguliwa: shupaza, ya tatu mezani. Mzee anagonga meza, anapita. Mimi sina hata jozi. Kitita kina 9,000, naweka 6,000. Akiachia mara mbili tu katika tano nimerudisha gharama yangu, na kwa nilivyomwona ataachia zaidi ya hapo. Dau la kutisha lazima lilingane na lile ambalo ningeweka kama ningekuwa na shupaza kweli. Likizidi au likipungua, mtu mzima ananusa.

Anazungusha pete yake kidoleni. Ananitazama, anatazama meza.

"Chukua, kijana," anasema, huku akifunua wafalme wawili.

Saa saba usiku. Wanaingia vijana wawili wachangamfu wanaofuata kila dau, wawe na karata au wasiwe nazo. Kwao kutisha hakufai kitu. Sasa naweka dau nikiwa na karata tu, tena dau nene, kwa sababu watalilipa. Nacheza nao hivyo mpaka mgawaji anapotangaza raundi tatu za mwisho.