Asubuhi ya Kumwahi Tiana

Sisi tunaofanya kazi za zamu huku Marekani tunajua ilivyo shida baba na mama kupata likizo katika wiki moja. Mimi nafanya kazi usiku, mume wangu mchana, na tulisubiri karibu miaka miwili ratiba zetu zikutane ndipo tukafunga safari ya gari kutoka Georgia hadi Walt Disney World, Florida, tukiwa na binti yetu wa miaka mitano na mdogo wake wa miaka mitatu. Binti alikuwa na ombi moja tu, amwone Tiana, yule binti wa kifalme wa filamu ya Disney ya The Princess and the Frog anayegeuka chura, na kuzungumza naye. Mdogo wake alimtaka Mickey. Nawaandikia wazazi wanaojiandaa kwa safari kama hiyo, kwa sababu siku yetu ya kwanza iliharibika, na iliharibika kwa kuwa tulidhani kuwahi ni kufika saa ya kufunguliwa.

Bustani ya burudani ya Magic Kingdom, mojawapo ya bustani za Walt Disney World, iliyofunguliwa Oktoba 1971, iko ng'ambo ya ziwa liitwalo Seven Seas Lagoon, na maegesho ya magari yako upande wa huku. Ukishaegesha huna budi kufika kituo cha usafiri, kupitisha mabegi kwenye ukaguzi, kisha kuvuka kwa feri au kuzunguka ziwa kwa treni ya reli moja, na baada ya hapo bado kuna foleni ya tiketi langoni. Siku ile bustani ilifunguliwa saa tatu asubuhi nasi tukaegesha saa tatu kamili. Tulipoufikia ukumbi wa Princess Fairytale Hall, anakopokea wageni Tiana, nyuma ya kasri la katikati ya bustani, ilikuwa inakaribia saa tano, na kibao cha mlangoni kilionyesha kuwa kusubiri ni dakika 75. Tulisimama. Mdogo alilala begani kwa baba yake, na binti, ambaye alikuwa amevaa gauni lake la kijani tangu hotelini, alivumilia nusu saa na ushei, kisha akavua viatu, akaketi sakafuni na kusema hamtaki tena Tiana. Nilijua anamtaka. Alikuwa amechoka tu, na mtoto aliyechoka kiasi kile hata akifikishwa mbele ya anayempenda hana furaha iliyobaki ya kumpa. Tukatoka.

Usiku huo ndipo nilipofikiria kwa nini foleni ya kumwona mhusika wa filamu, kama Tiana au Mickey, haisogei kama foleni nyingine. Treni ya michezo hubeba watu wengi kwa mkupuo mmoja, lakini Tiana hupokea familia moja baada ya nyingine, kila mtoto akipata dakika yake ya salamu, sahihi na picha, wala hakuna namna ya kuliharakisha jambo hilo bila kuliharibu. Ndiyo maana familia thelathini mbele yako ni saa nzima ya kusimama. Ipo njia ya kulipia ili upite foleni fupi zaidi, Lightning Lane, kwa baadhi ya wahusika, na bei yake hubadilika kulingana na siku. Sisi tuliamua kuamka mapema. Mume wangu aliipitia programu ya bustani kwenye simu ili aone saa za kila mhusika, kwa maana si wote wanaoanza mara tu bustani inapofunguliwa, na ukikosa kulijua hilo unaweza kuwahi mlango uliofungwa.

Kesho yake tuliamka saa kumi na moja alfajiri. Gauni tulilitia begini pamoja na chakula cha watoto, ambacho kinaruhusiwa kuingizwa ilimradi kisiwe katika vyombo vya glasi, na kalamu nene, kwa sababu wahusika waliovaa glavu hushindwa kuishika nyembamba. Kabla ya saa mbili tulikuwa tumeegesha. Wageni wanaolala katika hoteli za Disney huruhusiwa kuingia dakika 30 kabla ya wengine, kwa hiyo tulijua kuna watakaotutangulia, lakini wengi wao huikimbilia treni ya Seven Dwarfs Mine Train, ambayo mtoto asiyefika sentimita 97 haruhusiwi kuipanda. Mwanetu hakuwa amefika kipimo hicho, basi tuliwaachia treni yao.

Umati ulipokuwa ukifuata Main Street, barabara kuu ya bustani, kuelekea kasri, sisi tulikata kulia karibu kabisa na lango, tukaingia Town Square Theater alipo Mickey. Mbele yetu zilikuwapo familia mbili. Mwanangu, aliyemwimba Mickey njia nzima kutoka Georgia, alipomwona jinsi alivyo mkubwa alijificha nyuma ya mguu wangu na kung'ang'ania suruali. Mickey haongei. Alipiga magoti, akanyoosha mkono, akangoja, na mhudumu aliyesimama pembeni hakutuhimiza hata kidogo, kwa kuwa nyuma yetu hapakuwa na msongamano. Ilichukua muda mtoto kutoka mafichoni na kugusa kidole kimoja cha ile glavu. Naamini saa sita mchana asingepewa muda ule, na picha niliyo nayo ingekuwa ya mtoto anayelia.

Kwa Tiana tulisubiri kama dakika kumi. Binti alibadilisha nguo dakika ya mwisho, akaingia gauni likiwa bado limenyooka, akamwuliza kama anaogopa vyura. Tiana aliinama wakawa uso kwa uso, akamjibu kwa sauti ya chini ambayo sikuisikia, na binti hadi leo hajataka kutuambia alijibiwa nini.

Saa tano, kibao cha mlango uleule kilikuwa kimefika dakika 70, nasi tulikuwa kwenye feri tukirudi hotelini watoto wakalale. Binti alikaa na daftari lake wazi magotini njia nzima, akikataa kulifunga mpaka wino wa sahihi ukauke.