Roboti wangu anasubiri amri kutoka Nyali

Mchana navuta faiba, nyaya za kioo za intaneti, usiku naandika riwaya ya vita. Wanaonijua kwa kazi ya mchana hushangaa wakisikia ya usiku. Mimi siioni tofauti kubwa. Kote kuwili nahangaika na ujumbe unaotoka hapa kwenda kule, na balaa linalozuka ukichelewa njiani.

Hadithi yenyewe ni ya miaka michache ijayo. Kuna ofisi Nyali, hapa Mombasa, ghorofa ya tatu, kiyoyozi kikali, madirisha yamebandikwa plastiki nyeusi. Ndani vijana wa zamu ya usiku wamekaa mbele ya skrini. Mkataba wao unasema "ulinzi wa mali". Wanachoendesha ni roboti wenye bunduki, katika vita vya watu wengine, nchi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuikanyaga. Mwajiri yuko ng'ambo na hulipa tarehe ileile kila mwezi, na mjini hapa ukilipa kwa wakati hutaulizwa mengi.

Shujaa wangu alikuwa dereva wa tuktuk, mtoto wa Mishomoroni. Hadi sasa namwita Dereva tu. Siku ya mtihani walimpa mashine aipitishe kwenye kichochoro kilichojaa vifusi, akaipitisha bila kugusa ukuta. Mtu aliyezoea kupita sokoni Kongowea asubuhi, katikati ya mikokoteni na magunia ya vitunguu, vifusi vitamwambia nini?

Sikwenda mbali kubuni. Kenya hii tayari ina vijana wanaolipwa kuweka alama kwenye picha ili programu za kampuni za nje zijue mtu ni yupi na nguzo ni ipi. Kutoka kuiambia kompyuta "huyu ni mtu" hadi kuiambia "huyu ni mtu, piga" ni hatua moja, na sidhani mshahara utatofautiana sana.

Nikiwasomea watu rasimu, wanataka roboti. Wana urefu gani, wanabeba bunduki gani, wataasi lini. Mtoto wa dadangu aliniambia waziwazi: "Mjomba, hawa roboti wako wanachosha, hawajifikirii chochote." Ndivyo ninavyowataka. Roboti anayeamka siku moja na kuwachukia binadamu hanitishi, huyo ni jini tu aliyevalishwa chuma. Anayenitisha ni mtiifu anayepokea amri ikiwa imechelewa.

Na si jambo geni. Mwaka 1939 na 1940 Wasovieti walipeleka Finland vifaru visivyo na mtu ndani, vikiongozwa kwa redio kutoka kifaru kingine kilichokuwa nyuma. Wajerumani katika Vita Vikuu vya Pili walikuwa na Goliath, kigari kidogo cha minyororo kilichojazwa baruti na kuburuta waya nyuma yake. Ukiukata ule waya, silaha yote imekuwa sanduku. Warusi wakapeleka Syria Uran-9, kifaru kidogo kisicho na mtu ndani, na mwaka 2018 ikajulikana kwamba kati ya majengo ilikuwa ikipoteza mawasiliano na mwendeshaji aliye umbali wa mita mia kadhaa tu. Ukraine nako mawimbi ya redio yanavurugwa kiasi kwamba droni nyingi sasa zinaruka zikiachia nyuma uzi wa faiba, kilomita kadhaa za uzi. Picha za mashamba yaliyotandwa nyuzi hizo nazitazama kwa jicho la kikazi: nani ataziokota zote hizo?

Maana uzi huo naujua. Ukishauvua koti, unene wake ni maikromita 125, karibu sawa na unywele mnene. Unaumenya, unaupangusa kwa spiriti, unaukata kwa kisu chake maalumu mpaka uso wake ukae sawasawa, kisha unaulaza kwenye mashine ukikabiliana na mwenzake. Cheche inapiga, vioo viwili vinayeyukiana. Vipande ulivyokata lazima uvitie kichupani, la sivyo kimoja kitakuingia kidoleni na hutakiona kamwe, utakisikia tu kila ukishika kitu. Kazi yote hiyo inataka mkono uliotulia, nasi Kisauni tunaifanya juu ya ngazi, kusi linavuma, na mwenye duka chini anauliza itarudi saa ngapi. Aliyekata mara nyingi ni lori lililopakia kupita kiasi, limepita chini ya waya na kuondoka nao.

Lori hilo nimelitia katika sura ya pili. Linapita Barabara ya Links usiku, linavuta waya, na Dereva ana kidole juu ya kitufe. Upande wa pili wa dunia roboti wake amesimama mlangoni mwa nyumba yenye watu. Skrini imeganda. Afanye nini yule roboti?

Hapa ndipo riwaya yangu ilipo. Jibu haliwezi kutolewa usiku ule, limeshatolewa zamani na mhandisi fulani mchana kweupe, kahawa mezani, alipokuwa akichagua mashine ifanye nini mawasiliano yakikatika. Njia ni tatu. Asimame, adui aje amchukue. Arudi alikotoka, na kuwaonyesha adui njia ya kambini. Au aendelee mwenyewe. Kila upande unapozidi kuvuruga mawimbi ya mwenzake, ndivyo watengenezaji wanavyosukumwa kwenye hiyo ya tatu. Geneva, nchi zilianza mwaka 2014 kujadili silaha zinazojichagulia shabaha, na mkataba haujapatikana.

Kuna na kuchelewa kusikotokana na ajali yoyote. Waya wa baharini wa TEAMS, uliofika Mombasa mwaka 2009, unakwenda mpaka Fujairah, Falme za Kiarabu, karibu kilomita 5,000. Ndani ya kioo mwanga unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari hiyo ni milisekunde 25, hakuna mtu atakayehisi. Sasa waya ukatike, uhamie kwenye setilaiti ile ya mbali, iliyo kama kilomita 36,000 juu ya ikweta. Amri iende na picha irudi, imeshapita nusu sekunde. Gari linalokwenda kilomita 36 kwa saa, ndani ya nusu sekunde limesogea mita 5. Ndani ya umbali huo mtoto anaweza kuwa ameshajitokeza barabarani, na wewe skrini yako bado inakuonyesha barabara tupu.

Wamarekani wanalijua hili kitambo. Droni zao za Reaper zimekuwa zikiendeshwa kutoka Nevada kupitia setilaiti, lakini kwa miaka mingi kuruka na kutua kuliachiwa kikosi kilicho karibu na uwanja, kwa sababu mkono ukichelewa ndege inaweza kujigonga chini. Yaani kutua hakuvumilii kuchelewa, kuua kunavumilia. Sentensi hiyo nimempa meneja wa ile ofisi ya Nyali aiseme kwa utani, na wenzake wacheke.

Mombasa ni mahali pake hasa kwa hadithi hii, si kwa sababu ni kwetu tu. Kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 waliozingirwa ndani ya Fort Jesus walikuwa wakingoja msaada kutoka Goa, makao ya Wareno kule India, na Goa haiji mpaka pepo zikubali. Msafara mmoja wa merikebu ulifika Waomani wameshaingia ngomeni siku chache tu kabla. Ukageuza. Mwendeshaji alikuwa Goa na askari walikuwa hapa, katikati bahari nzima.

Bahari hiyohiyo ndiyo nilitaka inimalizie vita. Mwaka 2024, mwezi Februari, meli ya Rubymar ilipigwa kombora na Wahouthi. Mabaharia waliiacha ikielea, na nanga yake iliyokuwa ikiburuta ndiyo inayodhaniwa kukata nyaya za Bahari ya Shamu. Mwezi Mei nyaya mbili, EASSy na Seacom, zikakatika upande wa Afrika Kusini na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kutambaa. Simu yangu siku hiyo haikupumzika, wateja wananilaumu kana kwamba nimeshuka mwenyewe na msumeno. Basi nikapanga: roboti wote wa jeshi lile wagande siku moja kwa sababu ya nanga ya meli isiyo na nahodha. Hakuna shujaa wala risasi ya mwisho, vita vimezimika tu.

Dadangu akaukataa mwisho huo. Yeye hasomi vitabu vya vita, ndiyo maana namwamini. "Umemtoa kijana Mishomoroni, umemkalisha kwenye kiti kile sura nzima, halafu unamwokoa kwa nanga?" Alikuwa akisukuma mahamri, hata hakuinua uso. "Mwache achague, bwana."

Nikabaki nayo hiyo wiki nzima. Sasa nimeigeuza. Nanga inakata waya, ofisi inahamia setilaiti, na Dereva anabaki na picha iliyochelewa nusu sekunde. Meneja amesimama nyuma yake anamwambia aendelee. Dereva anataka kuondoa mikono na kwenda zake nyumbani. Lakini amewahi kuiona karatasi ya mafundi, na anajua akiondoa mikono kwa sekunde kumi mashine itahesabu kwamba mawasiliano yamekatika, na roboti wake amepangwa kwenye njia ya tatu. Akishika, yeye ndiye anayepiga. Akiachia, roboti atapiga mwenyewe, na jina kwenye zamu ni lake vilevile. Na ndani ya zile sekunde kumi lazima agundue jambo ambalo mwendeshaji wa tuktuk angeligundua na mhandisi asingeligundua.

Ni jambo gani, nimeshalipata, ila silimwagi hapa. Sura hiyo naianza Ijumaa nikitoka zamu, umeme ukiwepo.