Siku moja maishani mwangu: warshani Mlimani, kati ya miswada ya kale na akili unde

Saa 11:30 alfajiri

Kazi yangu ni kusoma miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu na kuigeuza kwa herufi za Kirumi, mstari kwa mstari, ili kompyuta nayo ijifunze kuisoma. Leo sikai mezani kwangu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna warsha ya siku mbili inayowakutanisha watu wa insia za kidijitali, yaani wanaotumia kompyuta kuchunguza lugha, fasihi na historia, na watu wa akili unde, nami nimo kwenye sekretarieti. Nitapokea wageni, nitaandika kumbukumbu za vikao, na mchana nitakaa na Maalim wetu, anayetusomea miswada, kwenye kikao cha vitendo.

Nakunywa chai ya rangi huku napitia ikisiri, yaani muhtasari wa mawasilisho. Karibu zote zinataja ukubwa wa data. Chache mno zinamtaja mtu aliyeisoma data hiyo na kuiwekea lebo.

Saa 1:00 asubuhi

Daladala hadi Mwenge, kisha bajaji kupanda Mlimani. Foleni leo imetuhurumia.

Saa 2:00

Usajili. Maalim amefika jana kwa basi kutoka Tanga, amevaa kanzu na kofia ya viua, miwani mfukoni.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

Naitafuta beji yake. Beji za wenzake zimeandikwa mhadhiri, mtafiti, mhandisi. Yake imeandikwa "Mgeni". Naomba ichapwe upya: "Msomaji wa Miswada". Dada wa mapokezi ananiuliza kama kuna cheo hicho. Namwambia kipo, na bila mwenye cheo hicho nusu ya mawasilisho ya leo yasingekuwapo.

Saa 3:00

Mada kuu inaanza na historia, na nafurahi, maana wanafunzi wengi humu ukumbini walikuwa wakidhani mambo haya yameanza na ChatGPT. Mtoa mada anaturudisha mwaka 1949, pale padri Mjesuiti wa Italia, Roberto Busa, alipokwenda New York kumwona Thomas J. Watson, mkuu wa IBM, kuomba mashine zimsaidie kupanga kila neno katika maandishi ya Mtakatifu Thomas wa Akwino. Maneno zaidi ya milioni 10. IBM ikakubali, na kazi ikachukua miongo. Majuzuu yalianza kuchapishwa miaka ya 1970, na leo tuzo kubwa ya fani hii ina jina la Busa.

Kisha inakuja picha ya chumba kimoja huko Gallarate, kaskazini mwa Italia: wasichana wamekaa safu kwa safu, kila mmoja na mashine ya kutobolea kadi, maana mashine za wakati huo zilisoma matundu kwenye kadi. Hao ndio walioyaingiza maandishi ya Thomas kwenye mashine, miaka ya 1950 na 1960, na wengi wao hawakujua Kilatini. Miaka ikapita bila majina yao kutajwa, hadi watafiti kama Julianne Nyhan na Melissa Terras walipoanza kuwatafuta, na baadhi yao wakahojiwa wakiwa watu wazima wa makamo au wazee.

Picha hiyo imenikaa rohoni. Nimeandika kwenye kumbukumbu, kwa herufi kubwa: WALIOTOBOA KADI NI NANI?

Saa 4:30

Chai, sambusa, mihogo ya kukaanga. Maalim amezungukwa na wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaomuuliza habari za vina.

Saa 5:00

Jopo kuhusu data za lugha zetu. Mfano wa kuigwa upo, tena wa Afrika: Masakhane, mtandao wa watafiti ulioanza mwaka 2019. Mwaka 2021 walitoa data ya kuifundisha kompyuta kutambua majina ya watu, mahali na taasisi kwa lugha 10, Kiswahili kikiwamo pamoja na Kinyarwanda, Kiganda na Kijaluo. Orodha ya waandishi wa makala yao ina watu zaidi ya 50, kwa sababu wazungumzaji walioshiriki kuandaa data nao wamehesabiwa kuwa waandishi. Mwanajopo mmoja analalamika kwamba orodha ndefu hivyo inachosha macho. Mimi naona ndivyo inavyopaswa kuwa. Kama watu walikuwa wengi, orodha iwe ndefu.

Mfano wa pili unauma. Januari 2023 ulimwengu ulisoma habari za vijana wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili, siku nzima, ili programu ya mazungumzo ifundishwe kuyaepuka. Ukumbi umenyamaza kidogo hapo.

Mwanasheria anatukumbusha kwamba Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019 na Tanzania ilitunga yake 2022. Anakiri zimetungwa kwa ajili ya taarifa za mtu binafsi, hazikuambii ufanye nini na shairi la babu lililotunzwa sandukuni. Hapo panahitajika makubaliano na wenyewe. Anataja miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, iliyopigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kumbukumbu zilizo hatarini. Zilizosafiri ni picha, miswada yenyewe imebaki Lamu.

Saa 7:00 mchana

Swala, kisha pilau. Mezani wanazungumzia viza. Mwaka 2018 watafiti wengi wa Afrika walinyimwa viza za Kanada, wakaukosa NeurIPS, mkutano mkubwa wa akili unde, huko Montreal. Malalamiko hayo yalichangia mkutano mwingine mkubwa, ICLR, upangwe Addis Ababa mwaka 2020, lakini UVIKO ukaufanya uwe wa mtandaoni. Hatimaye ukafanyika Kigali, Mei 2023. Mhandisi mmoja alikwenda kwa basi. Anasema ilikuwa mara yake ya kwanza kuwauliza maswali uso kwa uso watu aliokuwa akiwasoma tu.

Saa 8:00

Kikao nilichokingojea. Maalim amekaa katikati, mimi kuliani, na kushotoni kijana wa uhandisi wa kompyuta aliyefungua Transkribus, programu ya kusoma mwandiko wa mkono iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria. Ukutani kuna ukurasa wa utenzi wa wosia, wino umefifia pembeni.

Namna yenyewe ni hii: programu unaipa picha ya mstari pamoja na usomaji sahihi wa mstari huo, unarudia kwa mistari mingi, hadi iweze kubahatisha yenyewe mstari isiyowahi kuuona. Tatizo letu liko kwenye hati. Irabu za Kiarabu ni tatu: fataha, kasra na dhuma. Zetu ni tano, basi i na e zinagawana kasra, u na o zinagawana dhuma. Waandishi wengi wa zamani waliandika p kwa ba, herufi ya Kiarabu ya b, na mb wakaiandika ba vilevile.

Kwenye kipande cha tatu programu imetoa "baba". Kwa kilichoandikwa haina kosa: ba mbili, fataha mbili. Maalim anavaa miwani, anakisoma kipande kwa sauti, anakatisha, anarudia tangu mwanzo wa ubeti.

"Hapa hakuna baba. Mama anamwambia binti habari za nguo. Hiyo ni pamba. Na tazama, vipande viwili vya juu vinaishia -mba. Kina kitakubali vipi?"

Kijana anauliza kama kompyuta inaweza kufundishwa kuhesabu mizani, kwa kuwa kila kipande cha utenzi kina mizani 8, yaani silabi 8. Anaandika haraka amri ya kuhesabu irabu. Maalim anamwomba ajaribu neno "mtu". Kompyuta inasema moja. Maalim anagonga meza mara mbili kwa kidole: m, tu. M inasimama peke yake. Kijana anarekebisha, anajaribu "mwana", sasa inatoa tatu, Maalim anacheka, na wanaendelea hivyo karibu saa nzima. Sijaona mafunzo mazuri kuliko hayo.

Nimesimama kusema jambo moja. Ubora wa programu hizi tunaupima kwa asilimia ya herufi zilizokosewa. Kati ya "baba" na "pamba" ni herufi mbili tu, lakini ubeti wote umekufa. Anayejua kwamba umekufa ni msomaji. Mashairi mengi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya kwa ajili ya mmisionari Taylor, karne ya 19, na karatasi hizo sasa ziko chuo cha SOAS, London. Jina la Mwalimu Sikujua halikupotea. Kwa nini wasomaji wa leo waandikwe "msaidizi wa ndani" ilhali tunaishi nao na namba zao za simu tunazo?

Saa 10:30 jioni

Majadiliano ya mwisho yamekuwa makali. Napendekeza jedwali letu la data liwe na safu tatu mpya: jina la msomaji kama ameridhia kutajwa, mahali alikojifunzia kusoma, na neno alilolitilia shaka pamoja na usomaji mwingine unaowezekana. Mtu mmoja anasema safu hiyo ya tatu itaichanganya mashine. Kijana wa uhandisi ananitetea: mashine ikijua pale ambapo hata mjuzi anasita, itaacha kujitia uhakika. Safu zote zimepita. Malipo ya wasomaji hayajapita, wameyasogeza kesho.

Saa 3:00 usiku

Nimemaliza kumbukumbu. Maalim amenipigia kuuliza kama pendekezo la malipo nimelitia kiwango, kwa ukurasa au kwa siku. Nimemwambia kwa ukurasa. Amekataa: ukurasa mmoja mbovu unaweza kula siku mbili. Nimebadilisha, nimeandika kwa siku, na nimemtumia mwenyekiti ili liwe la kwanza kwenye ajenda saa tatu asubuhi.