Simu ya giga mbili

Watu wakisikia niliacha gemu za mtandaoni, swali lao ni moja: ulifuta? Nilifuta, ndiyo. Nilifuta mara nyingi mpaka kufuta kukawa ni mchezo mwingine. Unafuta saa tisa usiku kwa hasira, umepigwa na mtoto wa sekondari anayekucheka kwenye maiki. Kesho yake jioni unaunga bando, unaipakua upya, unaingia, na vitu vyako vipo vilevile ulivyoviacha: ranki, mavazi, bunduki ya dhahabu, na ujumbe wa wenzako, "kaka umepotelea wapi?" Akaunti haikai kwenye simu. Inakaa kwenye seva, yaani kompyuta za wenye gemu, nchi za watu, na seva haichoki kumsubiri mtu. Ushauri wa "futa tu" naona ni sawa na kumshauri mlevi avunje glasi.

Mimi ni fundi simu. Meza yangu iko Makoroboi, hapa Mwanza, kwenye ule msongamano wa mitumba na spika za matangazo. Nyumbani ni Mabatini, kule ambako nyumba zimepanda mlima zikipenya katikati ya mawe. Gemu yenyewe siitaji jina, wachezaji mtaijua: mnashuka na miavuli mkiwa wanne, mnaokota silaha, duara linabana, na skwadi ya mwisho kubaki hai ndiyo inayoshinda.

Chumba chetu kimejibana nyuma ya jiwe kubwa, kwa hiyo mtandao ndani ni wa kubahatisha, na kwenye gemu za namna ile mtandao wa kubahatisha ni kifo. Kuna kitu wachezaji wanakiita pingi, yaani muda ambao amri yako inatumia kwenda kwenye seva na kurudi. Unapimwa kwa milisekunde. Ikipita mia mbili, unampiga risasi mtu ambaye pale keshaondoka, na yeye keshakulenga kabla hujamwona. Juu ya lile jiwe pingi ilikuwa inashuka vizuri sana. Basi usiku wa manane, bando la usiku likishaanza kazi, napanda jiweni na blanketi langu na spika za masikioni, nakaa huko mpaka jogoo wa jirani anaanza.

Mtu aliyeziba masikio hajui anavyopaza sauti. Majirani waliolala kule chini walikuwa wanasikia hivi, saa nane za usiku, kutoka juu ya jiwe: "Yumo ndani ya nyumba! Mmalize, mmalize! Niamshe basi, nakufa, niamshe!" Wakichungulia dirishani wanaona mtu kajifunika gubigubi, uso unawaka mwanga wa bluu. Nadhani mnajua watu wetu wangefikiria nini.

Balozi wa nyumba kumi, mzee mstaarabu mno, alinisubiri asubuhi kwenye ngazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Hivi kule juu usiku huwa uko na nani?"

"Na wenzangu, mzee."

"Wangapi?"

"Watatu. Ila mmoja yuko Mombasa."

Kadiri nilivyojieleza ndivyo nilivyozidi kujichimbia. Ikabidi nimtolee simu nicheze mechi nzima palepale, yeye kaweka miwani, kainama. Mwisho akauliza, "Sasa hawa unaowaua, wamekukosea nini?" Akaniacha, akasema tu niwe naangalia saa. Jina lilinishika hata hivyo. Watoto wa mtaani wananiita Mzee wa Jiwe hadi leo.

Wengi wanadhani mtu wa gemu anakimbia watu. Mimi nilikuwa nawafuata watu. Skwadi yetu ilikuwa na muuza duka wa Kahama, mwanafunzi wa chuo Dodoma, na jamaa wa Mombasa aliyekuwa na maneno ya kuchekesha hata akiwa amebakiza risasi moja. Yule wa Kahama mkewe alipojifungua, sisi tulijua kabla ya mama mkwe. Alitutangazia kwenye maiki tukiwa tumelala kwenye nyasi tunavizia. Tukashangilia, tukasahau kujificha, tukafa wote wanne. Sasa mtu kama huyo akikuandikia saa tatu usiku, "tumepungua mmoja, tunakusubiri," unamjibuje? Ukikataa wanapewa mgeni wasiyemjua, wanafungwa, na pointi zinapungua kwa kila mmoja wao.

Juu ya hapo gemu ina kalenda yake. Kuna zawadi ya kila siku, na ukiingia siku saba mfululizo unapewa kubwa zaidi. Ukiruka moja unaanza upya. Msimu ukiisha, ranki inashushwa, mnaanza tena kupanda. Halafu yapo masanduku ya bahati, unalipia bila kujua utakuta nini ndani. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliyachunguza masanduku hayo kwenye gemu kadhaa kubwa, ikasema yale ya kulipia ni kamari kwa sheria za kwao. Mimi nilikuwa nayalipia kwa pesa ya simu, elfu mbili leo, elfu tano kesho, huku simu za wateja zinalala mezani zimefunguliwa matumbo, skrubu zao kwenye vifuniko vya soda. Matusi ya wateja alikuwa anayapokea mke wangu, kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye bango ni yake.

Ndiye aliyenipeleka hospitali, kitengo cha afya ya akili. Nilijiandaa kuhubiriwa. Muuguzi akanieleza tu kwamba Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa gemu kwenye toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Wanaangalia mambo matatu: umeshindwa kujizuia, gemu imetangulia mbele ya shughuli nyingine, na unaendelea ingawa unaona inakuharibia. Tena kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 au zaidi. Kwa hiyo kijana anayecheza Jumamosi kutwa, Jumatatu yuko kazini na kichwa chake, huyo ni mchezaji, mwacheni acheze. Mimi nilitaka kubishana kwenye lile la pili. Mke wangu akakohoa.

Muuguzi hakuanza na gemu, alianza na usingizi. "Kaka, hebu tupange kwanza saa ya kulala. Hayo mengine tutayafikia." Akanionya kwamba mwanzoni nitakuwa na hasira za karibu na mikono itakosa raha. Ilikuwa hivyo, na waliokuwa karibu nami wakati ule wanastahili pole.

Mama naye alikuwa na dawa yake: niende Igombe kwa mjomba, nikakae ziwani, kule ambako, kwa hesabu zake, hakuna mtandao.

Mjomba ana mitumbwi ya dagaa. Kwa asiyejua, dagaa wa ziwani wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwanga unawavuta wanakusanyika, wavu unawazunguka. Mwezi ukiwa mkubwa taa inakosa nguvu, dagaa wanatawanyika, na wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanasubiri giza lirudi. Mimi nilifika mbalamwezi. Mtandao wa pale mwaloni ulikuwa safi kuliko wa jiwe langu, na vijana wa mitumbwi hawana kazi, simu wanazichaji kwa betri za taa za kuvulia. Haukupita muda tukawa na skwadi mbili kamili.

"Mpwa wangu, mama yako si alisema unakuja kupumzika?"

"Napumzika, mjomba."

Akayaangalia macho yangu yalivyoiva, akasonya, akaenda zake kukagua nyavu.

Kilichonifaa Igombe kilikuwa kitu kingine kabisa. Zamani walikuwa wanavulia karabai za mafuta ya taa. Siku hizi wengi wana taa za LED na betri, nyingine zinachajiwa kwa sola, na maji yakiingia waya unaota ukijani, taa inakufa katikati ya ziwa. Pale kambini kulikuwa na gunia zima la taa zilizokufa. Nikafungua moja kwa sababu tu skwadi ilikuwa haijakamilika. Kosa lake lilikuwa dogo, waya umeachia, nikauchoma kwa risasi ya kuchomelea, ikawaka. Nikafungua nyingine. Giza liliporudi wakaanza kuniletea tangu asubuhi, maana zote zinatakiwa ziwe zinawaka kabla ya jua kuzama, na mvuvi aliyekosa taa jioni hana muda wa kusikiliza habari za ranki yako.

Niliporudi mjini kazi hiyo ilinifuata. Wakati wa giza meza yangu sasa ina taa nyingi kuliko simu, zinaletwa mpaka na wenye mitumbwi wa Kirumba, na usiku nikifika nyumbani nalala hata kabla chai haijapoa. Shida ni mbalamwezi. Kazi inapungua, mikono inabaki mitupu, na jiwe linang'aa pale nje kama kawaida yake. Nikizirudia zile siku nilizoteleza na kupakua tena, karibu zote ni za mwezi mkubwa. Kwa hiyo simu za wateja zenye matatizo magumu, za kuchoma ubao, nazitunza makusudi kwa wiki hiyo. Mteja nikimwambia "njoo mbalamwezi" ananiangalia vibaya, ila anakuja.

Lakini hata hilo lisingetosha, kwa sababu ya skwadi. Kuwaambia "naacha" sikuweza. Nilijaribu kurekodi sauti nikaifuta kabla ya kutuma. Dawa niliipata mezani kwangu. Kuna mama mmoja aliniuzia simu yake ya zamani ili aongezee pesa anunue mpya: RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, giga mbili, hifadhi imejaa mpaka pomoni, lakini WhatsApp inafungua, pesa inatuma, kupiga inapiga. Nikaijaribu ile gemu humo, kifundi tu, nione. Inafunguka, ila inafunguka kwa huzuni. Unashuka na mwavuli, nyumba bado hazijachorwa, unatembea ndani ya ukuta, na ukuta unapokuja kutokea wewe umeshakufa.

Nikauza simu yangu kubwa, nikabaki na hiyo.

Jamaa sikuwaambia kitu. Usiku ule nikaingia kama kawaida. Mechi ya kwanza wakacheka. Ya pili wa Mombasa akasema, "Ndugu yetu, leo umekuja kutuzika?" Baada ya hapo kicheko kikaisha, maana ranki ilikuwa inaporomoka kwa wote, na kila wakija kuniamsha nikiangushwa wanakufa wao. Mwanafunzi wa Dodoma ndiye aliyesema kwa adabu zote: "Kaka mkubwa, si ungepumzika kwanza mpaka upate simu nzuri? Tunakuheshimu sana, ila unatuua."

Wakaweka mtu wa Tabora nafasi yangu. Nilijilaza pale kwenye jiwe nikacheka peke yangu, na nina hakika balozi alisikia.

Wataalamu wanaweza kuwa na maoni yao kuhusu njia hii. Mimi naona ilifaa kwa sababu haikunidai ujasiri ambao sikuwa nao. Sikumkimbia mtu, walinifukuza wenyewe, tena kwa upole, na kundi letu la WhatsApp likabaki. Humo tunaongea mambo ya kawaida, mtoto wa Kahama kaota meno, Dodoma anatafuta kazi, Mombasa kuna joto. Kila baada ya muda mmoja wao ananiuliza simu imepatikana lini, nami najibu biashara ngumu.

Juzi yule wa Kahama alikuja Mwanza kuchukua dagaa wa kwenda kuuza dukani kwake. Tukaonana Mwaloni, Kirumba, mara ya kwanza uso kwa uso. Kumbe ni mfupi. Sauti yake ilinidanganya miaka yote ile. Nikamsaidia kuchagua magunia, kwa sababu dagaa wenye mchanga mgeni hawajui mpaka afike nyumbani. Tulipokaa kula sato akaiona simu yangu mezani, kioo kina ufa.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

"Fundi simu mzima, Makoroboi, miaka yote hii, umekosa simu ya kuchezea?"

Nikaendelea na samaki wangu. Akanitazama, akaitazama simu, akaigeuza nyuma na mbele. Kisha akaanza kucheka taratibu, na kicheko chake nikakijua, ni kilekile cha kwenye maiki.

"Wewe jamaa ni mshenzi sana."

Tukala. Alipokuwa anapanda bajaji kwenda stendi na magunia yake akaniita pembeni, akauliza kwa sauti ya chini kama kwamba wa Mombasa angetusikia:

"Hizi za giga mbili, unayo nyingine?"

Nilikuwa nayo. Nikampunguzia bei.