Mchicha huoshwa kabla ya kukatwa

Ukiukata kwanza kisha ukaulowesha, vitamini C nyingi inabaki kwenye maji ya beseni. Osha majani mazima, katakata, funika sufuria, pika dakika 5 hivi. Magadi? Achana nayo: rangi inapendeza lakini vitamini C inaharibika.

Tia kijiko cha mafuta, au tui. Bila mafuta mwili haufyonzi vizuri karotini, kirutubisho cha mchicha ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A ya kuimarisha utando wa mapafu na utumbo, na huko ndiko vijidudu vingi hupitia.

Maharage yalale kwenye maji usiku kucha, maji hayo yamwagwe. Zinki, madini yaliyomo kwenye maharage, itafyonzwa zaidi. Ndimu kamulia mezani, si jikoni, isaidie madini ya chuma kufyonzwa. Chai huzuia ufyonzaji huo, basi isubiri saa 1 baada ya kula.