Nawaambia ili tumwombee tu

Wiki hii mdogo wangu ameolewa na mimi nimehamishwa idara kazini, lakini kinachonikosesha usingizi ni maneno ya baada ya maombi ya Jumatano. Mwenzetu alivuta kiti, akashusha sauti: "Nawaambia ili tumwombee tu, yasitoke hapa." Akaanza. Mama Mkubwa, mnamjua asivyojua kuzunguka, akamkatiza: "Mwenyewe amekutuma?" Mwenzetu akamtazama, akajibu: "Kwani, Mama, maombi nayo yanahitaji ruhusa?"

Kwani maombi nayo yanahitaji ruhusa. Napiga mswaki, nalisikia. Napanga mafaili, nalisikia. Hakusema kwa ubishi, alishangaa kweli, na ndiyo maana linauma: mwombaji wa miaka mingi haoni tatizo liko wapi.

Kuomba hakuhitaji ruhusa ya mtu. Mtaje umtakaye mbele za Mungu, usiku kucha ukipenda. Kinachohitaji ruhusa ni kusimulia. Yesu alisema Baba anajua tunayohitaji hata kabla hatujamwomba (Mathayo 6:8), kwa hiyo ule ufafanuzi wote, nani alimpigia nani simu, ujumbe ulisomeka vipi, nani alilala wapi, Mungu hauhitaji. Tunapewa sisi wasikilizaji, na tunausubiri kwa hamu huku nyuso zimejaa huruma.

Hitaji la mtu mwingine lina utaratibu wake. Kwanza mhusika akubali, na aulizwe habari ya kundi hilo hasa, maana anayeridhia mchungaji ajue hajaridhia kwaya nzima ijue. Pili, taja hitaji, kisa kiache. "Kuna ndoa ina mtikisiko, tuiombee amani" inatosha kabisa. Kuficha jina peke yake si kinga: ukisema "dada mmoja wa sauti ya pili, yule aliyehama juzi", umeshamtaja. Na kama kundi ni la WhatsApp, fikiria mara mbili. Pale hitaji halina mwisho. Mtu anapiga skrinishoti, anaituma kwa vijana, huko mwingine anaongezea "hata mimi nilisikia", na siku habari inapomrudia mwenyewe imeshabeba jambo ambalo hakulifanya.

Kujitetea kwetu huwa ni kulekule: "lakini ni kweli". Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inalijibu hilo vizuri kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia. Inataja makosa matatu: kuamini ubaya wa mtu bila msingi wa kutosha, kufichua makosa yake kwa wasioyajua bila sababu ya haki, na kusingizia. La pili linahusu mambo ya kweli tupu. Namba 2487 inaongeza kwamba aliyeharibu jina la mtu anadaiwa kulitengeneza, na hapo ndipo wengi tunapokwepa. Kumwambia Mungu samahani chumbani hakuwafikii wale wanne waliosikia. Lazima uwarudie walewale, useme "nililolisema halikuwa langu kulisema", bila kulisimulia tena ili kulisahihisha.

Msikilizaji naye ana sehemu yake, pengine kubwa kuliko ya msemaji. Agostino, askofu wa kale wa Hippo, aliandikisha beti mezani pake kwamba anayependa kuyatafuna maisha ya wasiokuwepo ajue meza hiyo haimfai. Posidio, aliyeishi naye, anasimulia kwamba maaskofu wenzake walipojisahau, Agostino aliwaambia ama beti zifutwe ama yeye ainuke aende chumbani kwake. Maaskofu! Sisi tusio na meza ya namna hiyo tunaweza kusema "haya, tuombe sasa hivi", kabla kisa hakijafika katikati. Kama nia ilikuwa maombi, hakuna kilichopotea. Au "twende tukamwone, wewe na mimi", ambayo huishusha habari mara moja. Mathayo 18:15 inaanzia hapo: nenda kwake, wewe na yeye peke yenu. Shahidi mmoja au wawili ni hatua ya pili, kanisa ni hatua ya tatu. Tulivyozoea sisi, kanisa linajua kwanza, mhusika mwisho.

Nimeandika mpaka hapa nikiwa na hasira tamu, ile ya mtu anayeshinda kesi peke yake. Kisha nikafungua Katekisimu Ndogo ya Luther ya 1529, mahali pa kutoshuhudia uongo (kwa Walutheri na Wakatoliki ni amri ya nane, kwa Waanglikana na Wapresbiteri ya tisa). Anasema tumtetee jirani, tumsemee mema, na kila jambo lake tulieleze kwa upande ulio bora. Mwenzetu wa Jumatano naye ni jirani. Upande wake ulio bora ni upi? Kwamba alikuwa amebeba jambo zito, hana pa kulitua, na mlango pekee aliouona ni kikundi cha maombi. Inawezekana kabisa. Mtu wa namna hiyo anahitaji sikio moja linalojua kutunza, la mchungaji au mshauri, na sijui kama tumewahi kumwonyesha lilipo. Mama Mkubwa alikuwa sahihi, ila baada ya swali lake hakuna aliyemwuliza mwenzetu yule, "Na wewe, unaendeleaje na jambo hili?"

Na nisieleweke kwamba kila siri itunzwe. Mtoto anayeumizwa, mke anayepigwa, fedha ya kanisa inayoliwa: kunyamaza hapo ni kumlinda mkosaji. Lakini hata hayo kikundi cha maombi hakiyawezi. Yanapelekwa kwa mwenye mamlaka ya kuyazuia, na penye uhalifu ni polisi, siku hiyohiyo. Wengine wanayaweka kwenye orodha ya maombi wiki baada ya wiki, wanaita busara. Mimi naita woga.

Mtaniuliza alisema nini. Sitaandika.

Majibu ya vipimo vya baba yangu bado hayajatoka. Walisema Ijumaa, Ijumaa imepita, na simu yao inaita tu bila kupokelewa.